Tupeane uzoefu: filamu gani ya zamani bado inakushika mpaka leo?

Ndugu zangu wa Kampala na kwingineko, siku hizi kompyuta inabomoa mji mzima kwenye skrini, na ukitoka nje umeshasahau. Lakini kuna filamu za zamani zimegoma kutoka kichwani. Taja yako, useme sababu.

Yangu ni Jaws ya 1975. Yule papa alikuwa mashine, na maji ya chumvi yakawa yanamharibu kila mara, ikabidi Steven Spielberg amfiche. Tunachoona ni mapipa ya manjano yakikata maji, na ule muziki wa John Williams. Binti yangu amezoea madubwana ya kompyuta, lakini mapipa yalipoibuka tu alipandisha miguu kwenye kochi. Papa hajatoka hata pezi! Ukionyeshwa kila kitu, woga wako unabaki hauna kazi.

*Wa Jinja:*
Police Story, 1985. Jackie Chan anaruka na kuteremka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa, anapasua vioo hadi sakafuni. Mikono iliungua kweli. Tuliitazama kwenye kibanda cha video Walukuba, na VJ wetu, yaani msimuliaji anayetafsiri filamu kwa Kiganda, mtu asiyenyamaza hata kwenye mazishi ya stelingi, pale alinyamaza. Filamu yenyewe inaurudia ule mruko kwa pembe tofauti, bado watu wakapiga kelele irudishwe. Mwili wa mtu ukiwa hatarini, mtazamaji anajua.

*Wa Masindi:*
Mimi nasimama na The African Queen ya 1951, maana sehemu yake ilipigwa huku kwetu, Butiaba na Murchison. Nyingine zilipigwa studio Uingereza, na inaonekana wazi: mto unapita nyuma ya waigizaji kama pazia. Hainisumbui hata kidogo. Katharine Hepburn anamimina pombe kali (gin) ya Humphrey Bogart mtoni, chupa baada ya chupa, naye mwenye pombe anatazama tu asubuhi ile, kichwa kinamgonga. Hapo nani anakumbuka pazia? Ninachotaka kujua ni kama watapatana kabla boti haijazama.

*Wa Mbale:*
Tusizisifu zote jamani. Mbovu zilikuwa nyingi, tumezisahau tu.

*Wa Nateete:*
Kweli. Ila msiende mbali, Wakaliga, mtaa wa Kampala unaotengeneza filamu, iko hapa. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, 2010, bado changa, lakini itadumu. Helikopta zake za kompyuta zinazoshambulia Kampala hazimdanganyi hata mtoto, na bunduki ni za vyuma chakavu. Waigizaji wanapigana kwa moyo wote, VJ Emmie anawashangilia, na wewe unajikuta umesimama.

*Mwenye uzi:*
Nimezipokea zote. Wa Gulu na Arua mbona kimya? Na wapenzi wa filamu za Kihindi, zamu yenu.