YULE JAMAA WA KIDOLE LEO AMENIFIKISHA

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, asinisahihishe mtu herufi.

Jina simtaji. Mnamjua. Ni yule anayekuja kwenye meza yetu ya mchezo wa vita na jeshi la visanamu vya plastiki ya kijivu mwaka wa nne huu, hata praima, ile rangi ya kwanza ya chini, halijaonja, ila kwenye kukagua rangi za wenzake yeye ndiye hakimu. Huyo huyo.

Nina kisanamu changu, zimwi la kinamasi. Wiki tatu nimelikalia. Nimekwangua mistari yote iliyoachwa na kalibu, hadi ile ya kwapani ambayo haonekani mtu wa kuiona. Praima nyeusi, kisha nyeupe nikapuliza kutokea juu tu ili mwanga umkae mabegani, kisha kijani nyepesi kama maji ya kuoshea brashi. Chunusi za mgongoni nimezipaka moja moja kwa brashi namba sifuri, pumzi nimeibana. Kufikia chunusi ya mia tatu nilikuwa nikifumba macho naona chunusi.

Sasa besi, kile kibao anachosimama juu yake. Milimita 60. Mwamba ni gamba la mti, mchanga nimeugandisha kwa gundi nyeupe, matete ni nyuzi za ufagio mkongwe, nimezisimika kwa kibano mmoja mmoja. Sakafu nimeipaka kahawia pembeni, katikati inakwenda karibu na nyeusi, ili ukitazama useme hapa mtu anazama. Halafu rezini, ule utomvu unaoganda ukafanana na maji, tabaka jembamba juu ya jembamba. La mwisho nimelimimina jana usiku. Nimekibeba kinamasi changu kimefunikwa bakuli kisishike vumbi, nikakiweka mwisho wa meza, nikasema kwa mdomo wangu huu: "Jamani haijakauka, tazameni kwa macho."

Kwa macho!

Akainama. Akakunja uso kama fundi anayekagua msingi uliopinda. Akanyoosha kidole. Akakizamisha.

Hakugusa, wakuu. Hakupapasa. ALIKIZAMISHA mpaka sakafuni, akakitoa taratibu na uzi wa rezini unaning'inia, akakinusa, akasema:

"Kumbe si maji."

KUMBE SI MAJI. Ulidhani nimebeba maji kwenye besi ya milimita 60 tangu nyumbani? Ulitaka kuvua kambare? Halafu akajifutia kwenye kitambaa changu cha brashi, akaenda kurusha dadu kama hakuna kilichotokea. Nami nimebaki na shimo katikati ya kinamasi, mistari ya kidole inasomeka vizuri kabisa, nikiipeleka polisi wanamkamata kesho.

Na asije mtu kuniambia nimimine tabaka lingine. Najua litaziba. Najua hakuna atakayeona. Mimi nitakuwa naona.

Kumbe si maji. Mtu mzima.

DaduMoja: Huyu si ndiye yule ambaye dadu yake ikianguka chini ya meza lazima iwe sita?

Mleta uzi: Huyo huyo.

MjukuuWaGundi: Mbona mimi simjui?

DaduMoja: Basi ni wewe.

MzeeVanishi: Umemimina usiku, asubuhi umebeba. Hata saa 24 hazijatimia. Rezini mbichi unaipeleka kwenye kadamnasi kutafuta sifa, halafu unakuja kulia hapa. Kidole kina kosa lake, nawe una kiherehere chako.

Mleta uzi: Mzee, amesema KUMBE SI MAJI.

MzeeVanishi: Nimesoma.

KofiaYaMchawi: Nimecheka hadi nimemwaga kichupa cha wino, cha kahawia, kimejaa. Nakudai. Shimo liache, sema ni unyayo. Tena hiyo ndiyo besi pekee yenye saini.

UkingoMweusi: Kidole ni jambo dogo. Semeni wale wanaotengeneza besi nzuri, nyasi, mawe, mafuvu, halafu ukingo wanauacha na michirizi ya rangi na punje za mchanga zimeganda. Ukingo unapakwa mweusi. Tumemaliza.

TopeTupu: Ukingo unapakwa rangi ya ardhi. Mweusi ni wa walioishiwa.

UkingoMweusi: Umenitukana.

TopeTupu: Nimeutukana ukingo. Ukijisikia, shauri yako.

Mleta uzi: Jamani, kidole.

MzeeVanishi: Mnalilia kingo! Mimi nimepuliza vanishi isiyong'aa siku ya unyevunyevu, kikosi kizima kikatoka na ukungu mweupe, mashujaa ishirini kama wameoga unga. Mmoja nilimpaka vanishi ya kung'aa juu yake, ukungu ukaondoka kidogo, akarudi kuwa mtu. Kumi na tisa wamebaki hivyo hivyo. Sasa wanacheza kama mizimu, na ukiniuliza nakwambia ilikuwa makusudi.

KofiaYaMchawi: Kumbe ile mizimu yako! Na mimi nilikusifia!

MzeeVanishi: Na nilishukuru.

SwaliDogo: Samahani kutoka nje ya mada. Nikipaka nyuso rangi inaweka mabonge, pua na mdomo vinapotea, mtu anakuwa kama kiazi. Tatizo nini?

TopeTupu: Maji. Ongeza maji kwenye rangi.

UkingoMweusi: Maji. Tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kwanza. Hapo tu ndipo nakubaliana na huyo wa juu.

KofiaYaMchawi: Maji, ila tia kidole kwanza uhakikishe ni maji.

Mleta uzi: Nyie watu nyie.

SwaliDogo: Asanteni. Maji yawe kwenye kikombe gani? Maana jana nilichanganya vikombe.

MzeeVanishi: Ulikunywa?

SwaliDogo: Funda moja.

DaduMoja: Karibu kwenye chama. Mimi nilikunywa maji ya rangi ya fedha, na chembe zake.

TopeTupu: Mimi natumbukiza brashi kwenye kikombe cha kinywaji, kila siku, na bado nakinywa.

UkingoMweusi: Ndiyo maana unapaka ukingo kahawia.

Mleta uzi: Mimi mara mbili. Ya pili ni ya zimwi, ile ya kijani.