Nataka 1JZ-GTE ifike nguvu farasi 400 na bado niende nayo kazini kila siku: nianzie wapi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Nina gari lenye 1JZ-GTE, injini ya Toyota ya silinda 6, ya VVT-i (inayobadilisha yenyewe muda wa valvu kufunguka), ile ya turbo moja, cc 2,492, kompresheni 9.0 kwa 1. Kiwandani imeandikwa nguvu farasi 280. Nataka 400, ila ndilo gari la kila siku: foleni, mvua, safari ndefu. Fundi mmoja anataka tufumue injini yote tuweke pistoni za kufuliwa (forged, yaani chuma kilichogandamizwa kwa nguvu, si cha kumiminwa). Mwingine anasema ongeza presha ya turbo, basi. Pesa ninayo ya kazi moja, si mbili. Naombeni mwongozo.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, kabla hujanunua hata boliti, pima hiyo injini. Kompresheni, yaani presha ya kubana hewa, silinda zote 6, injini ikiwa ya moto. Kisha jaza kila silinda upepo wa kompresa, valvu zikiwa zimefunga, usikilize unatokea wapi. Ukivuma kwenye mfuniko wa oili, ringi za pistoni zimechoka. Ukitokea ekzosi, valvu haikai vizuri. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi imekwisha. Ikiwa nzima, usiifumue: bloku ni ya chuma, na vyuma vya ndani vya kiwandani vinabeba 400. Turbo yenyewe ndiyo itaishiwa pumzi kabla ya hapo.

Mchangiaji wa pili
Sikubaliani. Akiongeza presha pistoni ikapasuka, atalipa mara mbili. Afumue sasa alale usingizi.

Mchangiaji wa kwanza
Tujiulize kwanza inapasuka kwa nini. Mara nyingi ni injini kugonga: mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na kuta za pistoni kati ya ringi zinavunjika. Pistoni ya kufuliwa itavumilia muda mrefu zaidi, lakini ugonjwa uko palepale. Chomoa plagi baada ya kukanyaga mafuta mpaka mwisho, itazame kwa lenzi. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa juu ya kauri nyeupe, hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako. Zima gari hapohapo.

Kwa hiyo pesa iende kwenye mafuta, ubaridi na kompyuta ya injini. Injini ya turbo hula takribani pauni 0.6 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi. Piga hesabu ya 400, gawa kwa silinda 6, nozeli (zinazopulizia petroli) zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda: unapata karibu cc 500 kwa dakika kila nozeli. Pampu nayo iendane na hizo. Halafu intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, geji ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, na mtu wa kuitengeneza ramani ya kompyuta kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) kwa petroli ileile unayojaza kila siku. Turbo nunua mwisho.

Mchangiaji wa tatu
Naongezea kwa anayelazimika kufumua. Pistoni za kufuliwa si aina moja. Aloi ya 4032 ina silikoni nyingi, haitanuki sana, hivyo hukaa karibu na ukuta wa silinda na haipigi kelele asubuhi. Ya 2618 ni ngumu kuvunjika lakini inataka nafasi kubwa, na ikiwa ya baridi utaisikia. Kwa gari la kazini mimi nachagua 4032.

Na mwanya kati ya ncha za ringi usiachiwe kukisia. Silinda ya 86 mm yenye turbo inataka kama 0.5 mm ringi ya juu. Ukibana sana, ringi ikipata moto ncha zake zinagusana na kuvunja pistoni. Fuateni karatasi ya mtengenezaji wa pistoni.

Mleta mada
Nimewaelewa, napima kwanza. Matunzo je?

Mchangiaji wa tatu
Oili badilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila mara kata filta ufungue karatasi yake juani. Vumbi linalong'aa rangi ya shaba ni beringi zinaomba msaada. Presha ya oili ya moto isishuke chini ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Mkanda wa taimingi kama hujui ulifungwa lini, badilisha pamoja na tenshena na pampu ya maji. Asubuhi usiikanyage mpaka oili ipate moto, si maji peke yake. Maji huwahi.

Mleta mada
Shukrani wakuu. Nikipata majibu ya kompresheni nayaweka hapahapa.