Wadau, rivyu ya gemu ya indi niiandikeje kama aliyeitengeneza ndiye kanipa bure?

kontrola_mbili:

Wakuu habari za saa hizi, posti itakuwa ndefu kidogo mnivumilie. Mimi ni mtu wa magemu ya indi, zile zinazotengenezwa na mtu mmoja au watatu wanne hivi bila kampuni kubwa kuwashika mkono. Stardew Valley nimecheza mpaka shamba langu nalijua kwa kupapasa, Hollow Knight nimeimaliza mara tatu, na mwendelezo wake Silksong ulipotoka Septemba 4, 2025 nilikuwa nimekodoa macho kwenye skrini Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, imegoma kabisa maana watu wameivamia kwa mkupuo mmoja, na mimi naungojea tangu walipoutangaza 2019, kwahiyo mnaweza kuelewa hali niliyokuwa nayo.

Sasa jambo lililonileta. Huwa naandika vijiposti kuhusu gemu ninazocheza, watu wakanipenda, wakaniambia nianze kuandika rivyu kamili. Nikaanza. Wiki iliyopita developa mmoja, yuko peke yake, akaniandikia kwa adabu sana akanitumia gemu yake bure kabla haijatoka, akaniomba nikipata nafasi niiandike. Nimeicheza masaa sita. Michoro yake jamani, kuna sehemu unaingia kwenye kisima kilichokauka halafu mwanga unashuka kutoka juu, ukisimama pale hata hutaki kuendelea. Lakini kuruka ndo tatizo, unabonyeza kitufe halafu mhusika anakawia kidogo ndo ananyanyuka, na gemu yenyewe yote ni ya kuruka. Nimeanguka kwenye miiba mara ambazo sio kosa langu.

Nifanyeje? Nikisema ukweli naogopa nitamuua mtu aliyekaa miaka kwenye chumba anachora mwenyewe, nikinyamaza nimewadanganya nyie mnaonisoma. Na jingine, nitoe alama kwa kumi au niache? Naona pia majarida na tovuti za gemu tulizokuwa tunasoma zinakwisha, jarida la Game Informer lililokuwepo tangu 1991 lilifungwa Agosti 2024 likaja kufufuliwa mwaka uliofuata, tovuti ya Polygon ikauzwa Mei 2025 na waandishi wengi wakapoteza kazi, mpaka najiuliza kama kuna mtu bado anasoma haya mambo.

---

msoma_majarida:

Ndugu karibu, swali lako ni zuri na nafurahi umeliuliza kabla ya kuandika.

Kuhusu kusema ukweli ngoja nikukumbushe kitu ambacho vijana wengi hawakukuta. Novemba 2007 Jeff Gerstmann, aliyekuwa mhariri wa tovuti ya rivyu za gemu ya GameSpot, aliipa gemu ya Kane & Lynch alama 6.0 kwa kumi, na wakati huo tovuti yenyewe ilikuwa imepakwa matangazo ya gemu hiyohiyo kila upande. Akafukuzwa. Wasomaji tulikaa miaka tunasikia minong'ono tu, hakuna aliyeruhusiwa kusema, mpaka 2012 ndo akaeleza mwenyewe hadharani kwamba wakubwa walikuwa wanabanwa na watangazaji. Yeye alikuwa ameshaanzisha tovuti ya Giant Bomb na wenzake 2008, na watu walimfuata huko kwa sababu moja tu, walijua huyu akisema gemu ni nzuri anamaanisha. Wewe hakuna mtangazaji anayekubana. Una kijana mmoja aliyekuandikia kwa adabu, na adabu yake inakubana kuliko tangazo, hapo ndo pagumu.

Halafu alama. Mimi nasema acha. Mwaka 2010 Fallout: New Vegas ilitoka, studio ya Obsidian ilikuwa na makubaliano kwamba ikifika 85 kwa mia kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za rivyu zote na kutoa wastani, wanapata bonasi, ikafika 84. Alama moja! Mmoja wa wakubwa wa studio ndiye aliyekuja kulisema hilo 2012. Sasa fikiria mwandishi mmoja kati ya wale wote alikuwa anajiuliza usiku ule niweke 8 au 8.5, hajui kwamba hiyo nusu ni pesa ya nyumba za watu. Namba inakusanywa inachanganywa na nyingine, maneno yako yanabaki nyuma hayasomwi. Tovuti ya Eurogamer waliacha namba 2015, wakaja kurudisha nyota 2023, kwahiyo hata wakubwa wanahangaika na hili suala, usione uko peke yako.

Na tafadhali sana, mstari wa juu kabisa andika kwamba gemu umepewa na aliyeitengeneza. Juu kabisa, sio mwisho kwa herufi ndogo.

---

strimu_kwanza:

Mimi natofautiana na mkuu hapo juu. Tuseme ukweli rivyu za kuandika muda wake umepita. Among Us ilitoka 2018, studio ya watu watatu, ikakaa miaka miwili haina watu, 2020 mastrima wakaanza kuicheza laivu ikalipuka dunia nzima. Haikulipuka kwa makala ya gazeti, ni watu waliona wenzao wanacheka na kushutumiana wakataka na wao. Kwenye Steam mwaka 2024 pekee zilitoka gemu zaidi ya 18,000, nani atasoma aya kumi kwa kila moja? Kaka rekodi video ya dakika tano, onyesha hiyo ruka inayochelewa, mtu ataona kwa macho yake, hutahitaji hata kueleza.

---

kisanduku_cha_kodi:

Habari zenu, mimi niko upande wa pili wa meza, natengeneza gemu, niko peke yangu, ya kwanza nimeshaitoa. Nimesoma swali la kontrola_mbili mara mbili nikaona nisipojibu nitalala vibaya.

Kaka, huyo mtu hutamuua kwa kusema kuruka kunachelewa. Kitu kinachotuua sisi ni kimya. Nilipotoa yangu nililipa dola 100 za Steam za kuweka gemu, nikabonyeza kitufe cha kutoa, nikakaa naitazama ile kurasa. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Rivyu za wachezaji zilikuwa nne. Steam haikuwekei lile neno la jumla, kwamba wengi wameipenda au la, mpaka rivyu zifike kumi, na zinazohesabika kwenye jumla ni za walionunua pale pale dukani, za waliotumia namba za kufungulia gemu bure ulizowagawia hazihesabiki, wameweka hivyo tangu 2016. Kwahiyo marafiki zangu wote niliowapa namba na wakaandika kwa moyo mweupe hawakuniongezea kitu kwenye ile jumla. Nilikwama kwenye nne kama gari kwenye tope.

Barua pepe zilikuwa zinakuja nyingi lakini ni watu wanajifanya waandishi, wanaomba namba tano tano, ukizituma unazikuta zinauzwa mahali. Na kuna tovuti moja, sitaitaja, waliniambia wataandika lakini nilipie kwanza. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kulipa.

Halafu dada mmoja mwenye blogu ndogo tu akaandika. Hakunipamba. Alisema menyu yangu ya mizigo inamlazimisha abonyeze mara sita kubadilisha silaha wakati bosi, yule adui mkubwa, anamshambulia, na alihesabu kweli, mara sita, alizitaja moja baada ya nyingine. Nilifungua mradi usiku huohuo, nikahesabu na mimi, sita. Mimi nilikuwa siioni tena kwa sababu vidole vyangu vilishaizoea. Nikaishusha ikawa mara mbili, nikatoa patchi, yaani marekebisho ya gemu, wiki hiyo. Yeye akarudi akaongeza aya kwenye rivyu yake akasema imerekebishwa. Waliosoma pale ndio waliojaza zile kumi.

Sasa kuhusu ruka yako. Usiandike tu "kontroli mbovu", hilo neno halimsaidii mtu, sio mnunuzi sio fundi. Angalia vitu viwili. Kwanza, je inachelewa kila mahali au ni ukiwa ukingoni? Gemu nzuri za kuruka huwa zinakuibia muda kidogo kwa faida yako, Celeste ya 2018 inakuruhusu kuruka hata kama mguu umeshatoka kwenye ukingo kwa fremu chache, yaani sehemu ndogo tu ya sekunde, na ukibonyeza kabla hujagusa ardhi inaikumbuka ile bonyezo inakurusha ukitua. Mchezaji hajui, anahisi tu yeye ni hodari. Kama huyo developa hajaweka hivyo, ndio maana unaanguka na unahisi sio kosa lako, na kweli sio lako. Pili, kama inachelewa hata ukiwa umesimama katikati, huenda ameweka mchoro wa kuinama kabla ya kuruka. Mtu anayechora vizuri hivyo kama unavyosema, nakuhakikishia alipenda huo mchoro akashindwa kuukata. Ninajua maana na mimi nilikuwa nao.

---

msoma_majarida:

kisanduku_cha_kodi asante sana kwa hili, nimejifunza.

strimu_kwanza, Among Us uko sahihi kabisa sina ubishi. Lakini hiyo ni gemu ya kelele, ya watu wengi kwa pamoja. Chukua Undertale ya 2015, karibu yote ni kazi ya mtu mmoja, Toby Fox. (Ambao hamjaicheza rukeni aya hii.) Mwanzoni kuna mama anaitwa Toriel anakulea, anakushika mkono, anakuokea pai, halafu anakuzuia mlangoni usitoke. Watu wengi mara ya kwanza wanamuua bila kukusudia, wanaona vibaya, wanazima, wanaanza tena wamwachie hai. Na ukimwachia, ua linaloitwa Flowey linakutokea linakuambia linajua ulichofanya kabla. Gemu imekumbuka kitu ulichodhani umekifuta. Mimi nilikaa na hilo jambo siku nzima sikucheza. Sasa hilo kwenye video utaliona ni maandishi yanapita kwenye skrini nyeusi sekunde chache, huku mtu anapiga kelele. Inabidi mtu akae chini aeleze lilimfanya nini yeye, aliyekuwa amemuua.

---

strimu_kwanza:

Hiyo ya Flowey nakubali mkuu. Mimi niliiona kwenye video ya mtu mwingine kabla sijacheza na mpaka leo najuta, maana nilipofika pale mwenyewe nilishajua nimwachie hai tangu mwanzo, sikuhisi kitu.

Bado nasema ya kuruka arekodi video. Hata sekunde kumi aweke ndani ya rivyu.

---

kontrola_mbili:

Nimerudi wakuu, asanteni sana wote, sikutegemea majibu ya namna hii.

Jana usiku niliirudia gemu nikiwa na daftari pembeni. kisanduku_cha_kodi, dada au kaka sijui, umepiga palepale. Nimesimama katikati ya ardhi tambarare nikabonyeza ruka mara ishirini huku narekodi, halafu nikaitazama rekodi polepole. Mhusika anainama kwanza, kijoho chake kinashuka kinagusa nyasi, nyasi zinalala, ndipo ananyanyuka. Kila mara. Ni mchoro mzuri kweli, hizo nyasi amezichora moja moja. Na ukingoni hakuna msamaha wowote, mguu ukitoka umetoka.

Nimeamua siweki alama. Mstari wa kwanza unasema gemu nimepewa. Aya mbili za kisima, maana kile kisima kinastahili, halafu nimeandika ile ya nyasi kama nilivyoiona na video ya sekunde kumi chini yake, strimu_kwanza hiyo ni ya kwako. Nimesema wazi kwamba kama huna uvumilivu wa kuanguka bila kosa, subiri kwanza, na kama unanunua gemu kwa ajili ya mahali pa kusimama tu na kutazama, ichukue sasa.

Nilifikiria nimtumie aisome kabla sijaitoa.

---

msoma_majarida:

Usimtumie kabla. Itoe, halafu mtumie linki dakika hiyohiyo pamoja na ile rekodi yako nzima ya ruka ishirini. Rivyu ni ya wasomaji, rekodi ni ya kwake.

---

kisanduku_cha_kodi:

Rekodi mtumie hiyo ya polepole. Na mwambie nyasi asizifute, azisogeze tu zilale wakati anatua badala ya wakati anaondoka.