Kutenga folda ya malipo iwe ripo (hazina ya Git) yake bila kupoteza historia

Swali: Wakuu, tuko Mwanza. Folda ya malipo, ile ya wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, imo ndani ya ripo kubwa. Tunaitoaje?

Jibu: Usinakili tu mkuu, historia itabaki nyuma. Vuta kloni mpya kabisa (ripo nzima pamoja na historia yake), kisha endesha amri hii, inayobakiza folda hiyo na historia yake tu:

git filter-repo --path malipo/ --path-rename malipo/:

Kwenye kloni ya zamani itagoma, na afadhali igome. Ikimaliza huwa imeondoa origin, yaani anwani ya ripo ilikotoka kloni. Weka anwani mpya mwenyewe.

Jibu: Kama folda iliwahi kuitwa jina lingine, litaje kwa --path ya pili, la sivyo historia inakatikia hapo. Heshi za komiti (vitambulisho vya kila badiliko lililohifadhiwa) nazo zitabadilika.

Jibu: Nywila za seva hazihami na ripo, zisajili upya. Folda ya zamani ifungeni siku hiyohiyo, msije mkarekebisha hitilafu moja mahali pawili.