Naomba ushauri: papa na mwalimu wangu hawaelewani kuhusu umaskini wetu

Mtoto_wa_Katuba: Wakubwa, jambo. Niko Lubumbashi, naandika kazi ya kumaliza sosholojia, kuhusu kwa nini dunia ina matajiri na maskini. Mwalimu anataka nishike mfumo-dunia wa Wallerstein (1974): nchi za kitovu zinanona, za pembezoni zinatoa malighafi na jasho. Nilimsomea papa, mstaafu wa migodi ambaye leo anauza makala (mkaa) mbele ya parseli, yaani kiwanja chetu. Aliacha bukari (ugali), akanawa mikono. "Sisi kampuni ilitupa posho, nyumba, hospitali. Waliotumaliza ni viongozi wetu." Nimfuate nani?

Yaya_Ruashi: Mdogo wangu, papa hasemi uongo, ila posho haikuwa zawadi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, ilianza kuweka familia kambini mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu kuleta watu wapya kutoka mbali kila mara kulikuwa ghali. Na Desemba 1941 waliogoma kudai nyongeza walipigwa risasi hapa hapa mjini.

Hesabu_Kavu: Sawa, lakini Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994, kama 30,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, na serikali ilikuwa imeikamua kampuni bila kununua mashine mpya. Hapo papa yuko sahihi. Bei lakini ilipangwa London, na iliposhuka 1975 hakuna aliyetuuliza. Ngazi za maendeleo za Rostow, kwamba kila nchi hupanda hatua zilezile hadi utajiri, ziache, hazisemi lolote kuhusu bei.

Mama_Gunia: Nyinyi mnabishana majina ya wazungu. Mimi nimeosha mawe ya madini miaka sita. Unafika depo ya wanunuzi, gunia linawekwa kwenye mzani wao, wanaelekeza kimashine cha kupima, wanasema kiwango cha madini ni kidogo. Unabisha na nani? Unasaini. Fuata gunia moja, mwanangu, uandike nani anashika mzani kila linapobadilisha mkono. Kobalti ya dunia, madini ya betri, karibu asilimia 70 inatoka kwetu, na nyingi inasafishwa China. Muulize mwalimu wako: China ni kitovu, au ni nini?

Mtoto_wa_Katuba: Asante mama. Nimemsomea papa jibu lako. Kumbe anamjua mtu wa mzani. Tunaenda Jumamosi.

Hesabu_Kavu: Beba daftari. Simu iache nyumbani.