Wauza mbolea za bustani Dar, kila masika mnatufanya shamba la bibi!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Juzi mvua za kwanza za Machi zimeshuka, jana nikapita duka la pembejeo ninalonunua siku zote, huku Goba. Ukoka wangu umepauka tangu Januari na muda wa kuulisha ndio huu, ardhi ikiwa mbichi. Nikapewa kifuko cha nailoni cha nusu kilo, kimebandikwa karatasi: "Mbolea Maalumu ya Ukoka". Shilingi 6,000. Ndani chembe nyeupe za mviringo. Hakuna jina la kirutubisho, hakuna asilimia, hakuna mtengenezaji.

Nasubiri chenji, namwona kijana nyuma ya kaunta anachota kwa kopo kwenye mfuko wa kilo 50 ulioandikwa UREA 46% N, anajaza vifuko vilevile. Urea! Ileile wanayompimia mkulima wa mahindi kwa 2,000 kilo. Kwangu imekuwa 12,000 kwa kilo, eti kwa sababu napeleka kwenye bustani. Kumuuliza mwenye duka, ananijibu: "Bosi, mwenye ukoka hakosi hela."

Mimi ni mwalimu. Kiwanja chetu kiko mteremkoni, nyasi nimepanda ili udongo usisombwe hadi kwa jirani. Nani kawaambia kila mwenye ukoka ni tajiri?

Na si hela tu. Urea ukiimwaga kwenye majani yenye umande ukaiacha hapo, inaunguza. Inatakiwa kunyunyizwa kidogo, majani yakiwa makavu, kisha umwagilie izame ardhini. Mtu atajuaje kama hata jina lake mmemficha? Jirani yangu aliunguza nusu ya bustani kwa mbolea hiyo mwaka jana, akadhani ni ugonjwa, akarudi dukani kununua dawa ya fangasi. Mkamuuzia!

Samadi nayo: Februari kiroba 3,000, sasa 5,000, tena mbichi, haijaoza. Kiroba cha msimu uliopita kilikuja na magugu ya ndago, na ndago mnaijua, unang'oa jani, kiazi kinabaki chini. Hadi leo napambana nayo.

Mwenye kujua duka linalopima Urea au mbolea nyingine kama CAN kwa kilo, kutoka mfuko wenye maandishi, bila kukuuliza unapeleka wapi, kuanzia Goba, Madale hadi Tegeta, aweke bei hapa. Kifuko changu sijakifungua, kesho nakirudisha na nataka 6,000 yangu.