Naomba ushauri: makala ya utafiti imetoka, wavuvi wanauliza sauti zao ziko wapi

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, tuko wanne kwenye taasisi ndogo isiyo ya faida, tunatafiti akili mnemba. Tulirekodi sauti za wavuvi na mama lishe pale Deep Sea, mwalo wa samaki, ili kompyuta izoee Kiswahili cha huku pwani, siyo cha mtangazaji wa taarifa ya habari tu. Makala tukaiweka arXiv, ile tovuti ya makala za utafiti, kwa Kiingereza. Tukapongezana.

Juzi alfajiri nimerudi mwaloni. Mzee mmoja alikuwa anaziba wavu uliochanika. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa: "Mwanangu, sauti yangu umeipeleka wapi?" Nikampa simu aione makala. Akayatazama yale majedwali, akanirudishia. "Hapa mimi sipo." Niliona aibu, acha tu.

Sasa wenzangu wanataka sauti zenyewe tuziachie wazi kwa leseni ya CC BY, yaani yeyote azitumie mradi ataje chanzo; wanasema mbona Common Voice, mkusanyo wa sauti wa Mozilla, imetoa zake kwa CC0, bila sharti lolote. Mimi nasita. Leseni hiyo ukishaitoa huirudishi, na sauti ya mtu watu wa mtaani kwake wataijua tu hata ukifuta jina. Fomu zetu za ridhaa ziliandika "utafiti", basi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Turudi kuomba ridhaa upya, mmoja mmoja? Na matokeo tuyapeleke redioni, au tufunge spika palepale mwaloni? Hela ya vipeperushi ipo, ila nani atashika karatasi na mikono ina magamba?